Kayaki Matema: jinsi ya kulipeleka kundi la wanaoanza Ziwa Nyasa

Mwongozo huu nimemwandikia mtu anayetaka kukusanya wenzake wa kazini, wa kwaya, wa chuo au wa ukoo na kuwapeleka majini kwa mara ya kwanza, huku wengi wao hawajui kuogelea. Mahali ni Matema, wilayani Kyela, mkoa wa Mbeya, kwenye kona ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, pale Milima ya Livingstone inaposhuka mpaka kwenye maji. Watu wa Mbeya na Iringa tuna ziwa hili karibu, lakini wengi tunaishia mchangani tukipiga picha. Inawezekana kabisa kuingia ndani na kurudi salama bila kuwa mwanamichezo. Kinachotakiwa ni kiongozi wa kundi aliyekubali mambo mawili akiwa bado nchi kavu: upepo ndio unaopanga saa, na mwendo wa kundi ni mwendo wa yule mwenye nguvu kidogo kuliko wote.

Kwa nini ziwa, wakati mito tunayo

Nyanda za Juu Kusini zimejaa mito mizuri, na ni kweli inavutia. Lakini ukisimama Kijungu, karibu na Tukuyu, ukaona maji ya mto Kiwira yanavyoingia kwenye shimo la mwamba na kuzunguka humo kabla ya kutoka, huhitaji maelezo marefu. Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka kutoka milima mirefu kwa umbali mfupi, na mvua ikinyesha huko juu maji yanaweza kupanda huku chini wakati nyinyi mnaota jua. Ruaha Mkuu, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, una viboko na mamba, na tangu 1993 kuna miezi ya kiangazi ambayo sehemu zake hukauka zikabaki vidimbwi.

Sababu kubwa zaidi ni ya kawaida tu. Mtoni, anayeanza akichoka au akiogopa na kuacha kupiga kasia, maji yanaendelea kumpeleka. Ziwani, asubuhi isiyo na upepo, akiacha kupiga kasia anabaki palepale. Anapata muda wa kuvuta pumzi, kusikiliza maelekezo na kujaribu tena. Kundi likishazoea ziwa ndipo mnaweza kuzungumzia mto, tena mkiwa na mtu anayeujua mto huo kwa kila kona.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi, kisha chagua saa

Kyela ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Machi mpaka Mei mvua ni kubwa, njia zinateleza, mito inaleta magogo na matope ziwani. Ondoa miezi hiyo kwenye kalenda yako.

Kuanzia Mei kuelekea Agosti mvua zinapungua, lakini huo ndio msimu wa upepo wa kusini-mashariki, mwera. Hapa inabidi uelewe umbo la ziwa. Ziwa Nyasa ni jembamba na refu, zaidi ya kilomita 500 toka kusini hadi kaskazini, na Matema iko mwisho kabisa kaskazini. Upepo wa kusini una urefu wote huo wa kusukuma maji, kwa hiyo mawimbi yanafika Matema yakiwa yamekua. Wakati mwingine yanafika hata pale ambapo ufukweni kwenyewe majani hayatikisiki, kwa sababu upepo ulivuma mbali jana yake. Usihukumu ziwa kwa upepo unaokupiga usoni, litazame lenyewe.

Septemba mpaka mwanzoni mwa Novemba ndio wakati ninaoupendekeza kwa wanaoanza. Mvua bado hazijashika na mwera umelegea. Hata hivyo, siku tulivu zinapatikana karibu kila mwezi, na siku mbaya pia. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zinagusa maziwa makuu, Nyasa likiwemo. Zisome siku mbili kabla ya safari na tena usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Kuhusu saa, mipango yote ielekee alfajiri. Saa moja asubuhi muwe majini, saa tatu au tatu na nusu muwe mmerudi. Jua likishapanda, nchi kavu inapata joto, hewa inaanza kuvuta kutoka ziwani, na maji yaliyokuwa yamelala yanaanza kukunjana. Mtu mwenye uzoefu atacheza nayo. Anayeanza atakaza mabega, atashika kasia kwa nguvu zote, na kwa dakika kumi atakuwa amechoka kuliko saa nzima iliyotangulia.

Upepo wa kuogopwa zaidi ni ule unaotoka milimani kwenda ziwani. Karibu na ufukwe hauonekani, maana milima inakinga na maji yametulia kabisa. Mita mia mbili mbele, nje ya kinga ya milima, unashika kayaki na kuisukuma kuelekea katikati, na kurudi ni kupanda dhidi yake. Kabla hamjaingia, tazama maji ya mbali. Mkiona mistari ya mikunjo inayokimbia kuelekea nje, subirini mpaka itulie au kaeni karibu na mchanga siku hiyo.

Hatua ya pili: mtu kwanza, chombo baadaye

Pigia simu nyumba za wageni za Matema wiki mbili au tatu kabla. Uliza kama wana kayaki au wanamjua mwenye nazo, na uulize mambo haya kwa maneno ya wazi: kayaki ni ngapi na za aina gani, majaketi okozi yapo mangapi na ya saizi zipi, nani atakayeongoza, je, kuna boti ya injini inayoweza kuwa tayari, na nini kinatokea kwa malipo yetu upepo ukizuia safari. Swali la mwisho lisikupite. Kundi ambalo limeshalipa na haliwezi kurudishiwa hela litataka kuingia ziwani hata hali ikiwa mbaya. Mwafaka mzuri ni kwamba upepo ukikataa, safari inasogezwa kesho yake bila gharama.

Kiongozi mwenye faida kwenu ni mwenyeji aliyekua kwenye ufukwe huo, anayejua nyavu zinatandazwa wapi, miamba iliyozama iko wapi na mamba walionekana lini. Kwa watu kumi wanaoanza mnahitaji viongozi wawili kamili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Akiwa mmoja tu, punguza kundi au lipeleke kwa zamu.

Kwa aina ya kayaki, omba zile pana za kukalia juu, zisizo na shimo la kuingiza miguu. Zikipinduka mtu anadondoka tu pembeni, habanwi, na maji yanatoka yenyewe kupitia matundu. Zile nyembamba za kuingiza miguu ndani zina kasi lakini zinahitaji mafunzo ambayo asubuhi moja haitoshi. Za watu wawili zinafaa sana kwa mtu mwenye woga: mpange na mtulivu, mwenye nguvu akae nyuma kwa sababu ndiye anayeongoza mwelekeo, na wa mbele apange mwendo wa makasia.

Mtumbwi wa gogo ni habari nyingine. Wavuvi wa Nyasa wanasimama ndani yake na kutupa wavu kana kwamba wako sebuleni, na ni jambo la kupendeza kulitazama. Ila kwa anayeanza mtumbwi huo unayumba kwa kila pumzi. Kama kayaki hazikutosha, wengine wapande mtumbwi kama abiria, mwenyewe akipiga kasia, na jaketi wavae vilevile.

Ukishajua idadi, ongea na kila mmoja faragha kuhusu afya. Kifafa, pumu, matatizo ya moyo, ujauzito, bega lililowahi kuteguka: haya yasiulizwe mbele ya watu, kwa sababu wengi watayaficha. Mwenye pumu aende na kifaa chake cha kuvuta dawa, tena kikae kwenye kayaki ya kiongozi. Mwenye kifafa namshauri abaki kwenye boti ya injini akiwa na mtu pembeni yake, na aambiwe sababu kwa heshima.

Hatua ya tatu: lala Matema

Usijaribu kutoka Mbeya alfajiri na kuingia ziwani siku hiyohiyo. Mtafika saa nne upepo umeshaamka, nanyi mna haraka.

Kwa basi dogo mnaondokea stendi ya Nane Nane, mnapita Uyole na Tukuyu, mnateremka kwenye migomba na chai, kisha mnaiacha barabara kuu Kikusya kwenda Ipinda na Matema. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko chini ya mita 500. Mtaondoka na masweta na kushuka mkiwa mmeyafunga kiunoni. Mwili unahitaji usiku mmoja kuzoea joto hilo, na ni usiku wa kunywa maji kwa wingi. Pombe iachwe mpaka siku ya pili mchana. Hapo simamia msimamo wako hata wakikununia. Chandarua ni lazima, maana malaria ipo.

Kama kuna nafasi, panga safari iangukie Jumamosi. Siku hiyo kuna soko la vyungu Lyulilo, kijiji cha jirani upande wa mashariki, ambako kinamama wa Kikisi kutoka Ikombe huleta kazi zao kwa mitumbwi. Vyungu hivyo mmeviona masokoni Mbeya. Kuviona vikishushwa kutoka majini ni jambo jingine kabisa.

Hatua ya nne: jioni, nenda ukasalimie

Kabla jua halijazama, wewe na kiongozi wenu mpite kwa uongozi wa kijiji na kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kile wanachokiita BMU. Toa taarifa mko wangapi, mtaelekea wapi, mtarudi saa ngapi. Hakuna ukiritimba mkubwa hapo, ila mkichelewa, hao ndio watakaotuma boti.

Kisha kaa na wavuvi. Ukimaliza salamu na ukashukuru kwa "ndaga" yako, yaani asante kwa Kinyakyusa, uliza mambo matatu. La kwanza, mamba. Mdomo wa mto Lufilyo, upande wa magharibi wa Matema, unajulikana kwa mamba na viboko. Watalii hupelekwa huko kwa boti kuwatazama, na huko ndiko msikokwenda na kayaki. La pili, nyavu: zimetandazwa wapi usiku huu na zinatolewa saa ngapi. La tatu, kesho ziwa litakuwaje. Mzee aliyezoea kuliangalia ziwa kila jioni ataangalia milima, ataangalia mawingu ya kusini, na jibu lake lina uzito sawa na taarifa ya redio. Wote wawili wakikubaliana kwamba hali ni nzuri, endelea. Mmoja akisita, ahirisha.

Agiza na chakula cha mchana jioni hiyohiyo. Mbasa mzuri ananunuliwa asubuhi kutoka kwa wavuvi wanaorudi, na wali wa Kyela hauhitaji sifa zangu.

Hatua ya tano: mavazi na jaketi

Suruali za jinzi zibaki chumbani. Zikilowa zinakuwa nzito, zinabana magoti na hazikauki. Bukta au taiti na fulana ya mikono mirefu vinatosha. Kinamama wasiopenda kuvaa taiti peke yake wafunge kanga fupi juu yake wakiwa nchi kavu, na waivue wakati wa kupanda, kwa sababu kitambaa kirefu kinajizungusha miguuni mtu akianguka. Mtandio ubanwe, usining'inie. Raba za zamani au viatu vyenye mkanda wa nyuma vinafaa, maana upande wa milima kuna mawe. Kofia iwe na kamba. Mafuta ya jua yapakwe hata na weusi kabisa. Maji yanarudisha mwanga usoni kutoka chini, na midomo ndiyo huumia kwanza.

Kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji ya kunywa. Simu na dawa viwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji, au kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, lililofungwa kwenye kayaki kwa kamba.

Sasa jaketi. Likague wewe mwenyewe, mtu mmoja mmoja. Soma lebo ya ndani uone linabeba uzito gani. Bonyeza maboya yake: yakiwa yamebonyea na hayarudi, au kitambaa kimechanika sponji inaonekana, liweke pembeni. Mvalishe mtu, funga vifungo vyote, kaza mikanda ya ubavuni. Halafu simama mbele yake, shika jaketi mabegani kwa mikono miwili na ulivute juu kwa nguvu. Likipanda likagusa masikio, limelegea au ni kubwa. Kaza tena au badilisha. Watu hucheka hatua hii ikifanyika. Waache wacheke, lakini usimruke hata mmoja, na usimruke anayesema anajua kuogelea. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 700 sehemu yake ya ndani zaidi, na hilo huwatisha watu wanapolisikia. Waambie ukweli: kwa aliyevaa jaketi lililokaza, mita 700 na mita tatu ni sawa, ataelea. Kwa asiyevaa, mita tatu zinatosha kumzamisha.

Jaketi likishavaliwa halifunguliwi mpaka miguu ikanyage mchanga. Si kwa picha, si kwa joto.

Hatua ya sita: somo la nusu saa, maji yakiwa magotini

Anza mchangani. Kila mtu ashike kasia juu ya kichwa, viwiko vikunje kona mraba. Hapo mikono ilipo ndipo inapotakiwa kukaa. Bapa la kasia lenye upande wa kubonyea kidogo liangalie kwake. Vidole vishike kwa ulaini. Utamjua aliyekaza kupita kiasi kwa vifundo vya vidole kubadilika rangi, na kwa lengelenge litakalotokea kati ya kidole gumba na cha shahada kabla hamjafika mbali.

Kaa wima, magoti yakunjwe kidogo, visigino vikanyage mahali pa miguu. Bapa liingie majini usawa wa vidole vya mguu na litoke usawa wa nyonga. Nguvu itoke kiunoni kwa kuzungusha kiwiliwili, mikono ifuate. Ukimwona mtu anachota maji na kujimwagia, anainua kasia juu sana, mwambie alilaze. Kugeuka, achore nusu duara pana kwa kasia upande wa pili wa anakotaka kwenda. Kusimama, apige kinyumenyume, kushoto kulia, kwa kifupi kifupi. Hayo matatu yanatosha kwa siku ya kwanza: mbele, geuka, simama.

Kisha kuna jambo ambalo makundi mengi hulikwepa kwa kuogopa kulowa, nami nalitilia mkazo kuliko yote: kila mtu apinduke makusudi. Nendeni maji ya kifuani, kiongozi akiwa amesimama pembeni. Mtu aegemee upande mmoja mpaka adondoke. Atashtuka, jaketi litampandisha, atafungua macho. Mfundishe mpangilio huu aukariri: shika kayaki, tafuta kasia, tulia. Asiiache kayaki kamwe ili aogelee kwenda ufukweni, kwa sababu kayaki inaonekana kwa mbali na kichwa cha mtu hakionekani.

Kurudi juu, mwenzake alete kayaki yake ibanane na ile iliyopinduka, aishike kwa mikono miwili. Aliye majini akae upande wa pili, alaze mikono juu ya kayaki, apige miguu kama anaogelea mpaka mwili ulale, kisha ajivute: tumbo kwanza, halafu ageuke akae kwa makalio, miguu mwisho. Tumbo, makalio, miguu. Watakosea mara mbili tatu na ni sawa. Nimeona watu waliokuwa wakitetemeka mchangani wakibadilika kabisa baada ya kuanguka mara ya kwanza, kwa sababu kile walichokiogopa kimeshatokea na bado wapo. Ambaye baada ya zoezi hili anasema haendi, asishawishiwe. Mpe kazi ya kukaa ufukweni na orodha ya majina, simu na saa ya kurudi. Ni kazi ya kweli, na kila kundi linaihitaji.

Hatua ya saba: ishara na mpangilio

Kila mtu awe na filimbi imefungwa kwenye jaketi. Mlio mmoja ni "nitazame". Mitatu mfululizo ni dharura. Kasia likiinuliwa wima juu, wote waje kwa kiongozi. Likilazwa juu ya kichwa, wote wasimame walipo. Hakuna anayempita kiongozi wa mbele, hakuna anayebaki nyuma ya wa mwisho. Aliye dhaifu zaidi awe wa pili kutoka mbele, ili kiongozi amsikie akihema. Mkimweka nyuma atakuwa anafika mahali pa kupumzikia wakati wengine wanaondoka, na hatapumzika hata mara moja.

Hatua ya nane: majini

Elekeeni mashariki, Lyulilo. Kwa miguu ni mwendo wa chini ya saa moja, kwa kayaki kundi la wanaoanza huenda kilomita tatu hivi kwa saa. Muwe mita hamsini hadi mia kutoka ufukweni: mbali ya kutosha msisukumwe kwenye mawe, karibu ya kutosha mtu kurudi akielea na jaketi lake. Pumzikeni kila robo saa, kayaki zikiwa zimeshikana, kila mtu anywe maji hata kama hasikii kiu.

Kabla ya Lyulilo milima inaanza kuwasogelea. Jua likitokea nyuma yake, maji mliyomo yanabaki kwenye kivuli wakati upande wa magharibi umeshawaka, na chini ya kayaki mtaona mawe, na kati ya mawe samaki wadogo wa bluu na njano. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, na wengi wa hao wanaishi hapo kwenye mawe. Acheni makasia kwa dakika chache muangalie. Wengi huja kwa ajili ya kasi na mazoezi, na hapo ndipo huomba wakae zaidi.

Mtakutana na mitumbwi inayorudi na usipa. Wapisheni, wamekesha kazini. Mkiona maboya au chupa tupu zinaelea kwa mstari, chini kuna wavu: zungukeni nje yake, msipite juu. Kuna sehemu za ufukwe ambako watu wanaoga na kufua. Simu zishushwe hapo, na mpite mbali kidogo. Kupiga picha ya mama anayeoga ni kumdhalilisha, na kundi litakalofuata baada yenu ndilo litakalopokelewa vibaya.

Lyulilo, shukeni, nyoosheni miguu, tazameni vyungu. Hapo kiongozi aamue. Ikombe iko mbele zaidi, na inavutia, lakini baada ya hapo milima imeingia majini na mahali pa kushuka ni pachache. Nashauri siku ya kwanza mgeuzie Lyulilo. Wenye hamu ya Ikombe waende kwa boti mchana.

Mambo yakibadilika

Mkiona vichwa vyeupe vya mawimbi kusini, geukeni hapohapo, hata kama mmebakiza kidogo. Ngurumo ikisikika, tokeni majini kwenye ufukwe wowote ulio karibu na msubiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Mawimbi yakija, omo ya kayaki, yaani ncha yake ya mbele, iyaelekee, isiyape ubavu. Aliyechoka afungwe kamba ya mita nne au tano kwenye kayaki ya kiongozi na avutwe. Alale mbele kidogo, kasia liwe mapajani. Akianza kulia, kiongozi aongee naye mambo ya nyumbani kwake, watoto, shamba, chochote, huku wakisonga.

Baada ya kutoka

Hesabu watu kwa orodha, kisha hesabu vifaa. Rudisha taarifa kwa BMU kwamba mmefika wote. Lipa viongozi mbele ya mashahidi na kwa kiasi mlichokubaliana, bila kuanza mazungumzo upya mkiwa mmeshiba.

Ogeni kwa maji safi na sabuni. Ziwa Nyasa lina kichocho, na vijidudu vyake vinaingia kupitia ngozi ndani ya dakika chache, kwa hiyo kujikausha haraka kwa taulo kunasaidia kidogo tu. Hatari ni kubwa zaidi kwenye maji yaliyotuama yenye majani na konokono karibu na makazi, ndiyo maana somo la nusu saa lifanyike kwenye mchanga ulio wazi. Hata hivyo usiseme mchanga mweupe ni kinga. Andika kwenye kalenda ya kundi tarehe ya wiki ya sita mpaka ya nane baada ya safari, na siku hiyo wote mwende kupima mkojo na choo kwenye kituo cha afya kilicho karibu nanyi, mkieleza kwamba mliingia Ziwa Nyasa. Atakayekutwa nacho atapewa prazikwanteli kulingana na uzito wake, na dawa hiyo inatibu. Asiyeona dalili yoyote apime pia, kwa sababu kichocho kinaweza kukaa mwilini muda mrefu kabla ya damu kuonekana kwenye mkojo.